Nani Alipika Nyama ya Isaka

Jumatatu ile Mzee Zalman Perlow alikataa uji, akakataa yai, akakataa hata samaki wa chumvi, ambaye siku nyingine humla bila kubembelezwa. Alisema wa kulaumiwa ni Yakobo.

"Yakobo yupi, Papa?" Léocadie aliuliza huku akifuta meza. "Yule fundi wa bomba?"

"Yakobo wa Isaka! Ndilo fungu letu la wiki hii. Baba kipofu anadanganywa na mtoto wake wa kumzaa, ndani ya nyumba yake mwenyewe, kwa sahani ya nyama. Mtu atakulaje yai na habari kama hiyo kifuani?"

"Yai halijamdanganya mtu." Akaisogeza sahani mpaka ikagusa vidole vya mzee. "Kula."

Akala. Kwa miaka mitatu ndivyo walivyoishi: yeye akipinga, Léocadie akisogeza sahani. Jumatatu mpaka Ijumaa, Léocadie alipanda treni Fairfield kukiwa bado na ubaridi, akabadilisha mjini, akashuka Gordon, akachukua basi la St Ives, na saa mbili kamili alikuwa jikoni kwa mzee. Jiko lile alilijua kuliko la kwake. Sinki la kushoto la nyama, la kulia la maziwa, kwa kuwa sheria ya Wayahudi haikubali viwili hivyo vichanganywe. Masufuria mekundu huku, ya bluu kule, na vijiko visivyoruhusiwa hata kusalimiana. Chakula chake yeye, sombe ya majani ya muhogo na mbuzi wa jana, hakikuwa cha sinki lolote, basi alikila barazani kwenye sahani ya karatasi. Mwezi wa kwanza jambo hilo lilimuuma. Mwezi wa pili aligundua kwamba barazani ndiko kwenye upepo, na hakuna anayemwita kabla hajamaliza.

Kazi yake kwenye mkataba ilikuwa kumwogesha mzee, kumpa dawa, kumtembeza na kupika. Kazi yake isiyokuwa kwenye mkataba ilikuwa Torati.

Mzee Zalman alikuwa mwalimu wa shule Johannesburg kabla ya kuwafuata wanawe Sydney. Kwa sababu hiyo alipenda kumwambia Léocadie, "Sisi Waafrika," naye Léocadie alipenda kutojibu. Ukurasa wa mwisho wa jarida la sinagogi ulikuwa wake: kila wiki somo moja kutoka fungu la Torati linalosomwa wiki hiyo, kwa ajili ya maisha ya siku hizi. Gharika ya Nuhu iliwafundisha watu wa St Ives kusafisha mifereji ya paa. Mnara wa Babeli uliwafundisha kujitoa kwenye makundi ya WhatsApp. Macho yalipomfia, mzee alianza kusema na Léocadie kuandika, kwa vidole viwili, kwenye tableti. Hivyo kwa miaka miwili masomo ya Wayahudi wale yalikuwa yanapitia mikononi mwa mama wa Kipentekoste kutoka Uvira. Hakuna aliyejua isipokuwa Merle, mhariri wa jarida, aliyewahi kusema kwamba tangu mzee apofuke, mikato ya sentensi zake imekaa vizuri zaidi.

"Chukua mashine," mzee alisema, yai lilipokwisha. "Andika. 'Wasomaji wapendwa. Mimi nilikuwa na wana wawili.'"

Léocadie akaandika.

"'Tangu Agosti nina mmoja.'"

Vidole viwili vikasimama.

"Umeandika?"

"Papa, jarida linasomwa na familia mia nne."

"Mia nne na ishirini. Andika."

Akaandika. Mzee aliendelea na Yakobo mdanganyifu, na sauti tamu inayoficha mkono mchafu, na jinsi mtoto wa namna hiyo asivyopaswa kuombolezewa. Hakumtaja mwanawe Jonti kwa jina. Hakukuwa na haja. St Ives nzima ilijua mzee ana watoto wangapi na wanaitwa nani.

Léocadie alihifadhi maneno yale kwenye tableti, lakini hakuyatuma. Jarida lilifungwa Alhamisi saa sita mchana. Likishatoka, neno limetoka, na baba wa miaka themanini na minane hana Agosti nyingi za kurekebisha mambo.

Yaliyotokea Agosti ni haya. Wana wawili walikuja pamoja, jambo lenyewe la nadra, wakamwekea baba yao karatasi mezani wakisema ni za mashine mpya ya masikio. Aliyesema ni Jonti, mdogo, msimamizi wa ghala la makontena karibu na Port Botany, mwenye sauti nene ya mtangazaji. Rael, mkubwa, daktari wa meno, alisimama dirishani akitazama bustani. Mzee akasaini. Wiki iliyofuata nyumba ya wazee ikapiga simu kumpongeza: jina lake limeingia kwenye orodha, chumba kikipatikana ataitwa. Mzee alimwambia Jonti kwenye simu maneno ambayo Léocadie, akiwa bafuni maji yakimwagika, aliyasikia yote. Tangu siku hiyo, kila Ijumaa jioni, Sabato inapoingia na baba huwabariki wanawe, mkono wa baraka ulishuka juu ya kichwa kimoja tu, kile cha Rael, chenye upara.

Rael alibarikiwa na kunyamaza.

Na Léocadie naye alinyamaza, kwa sababu mtu haandiki jina lake gizani bila wa kumwelekeza. Siku zote mzee akitaka kusaini, Léocadie huchukua kidole chake cha shahada na kukiweka mwanzo wa mstari. Siku ile pia alikiweka. Na juu ya karatasi, kwa herufi kubwa, alikuwa ameliona jina la nyumba ya wazee.

* * *

Jumanne Rael alileta dawa. Alikuwa mtu mwema, mwema kweli, mwenye tabia ya kusema na Léocadie polepole na kwa sauti ya juu, kana kwamba yeye ndiye mwenye masikio mabovu.

"LÉOCADIE. HIZI NI ZA ASUBUHI."

"Naona, Bwana Rael. Imeandikwa."

Mzee alikuwa amelala. Léocadie akamwonyesha tableti. Rael alisoma amesimama, akasoma tena ameketi.

"Ana hasira," alisema hatimaye, sasa kwa sauti ya kawaida. "Itapita."

"Itachapwa, Bwana Rael. Hasira itapita, hii itachapwa."

"Nitazungumza naye."

"Lini?"

Rael akaangalia saa yake. Ilionekana kwamba siyo leo. "Jonti anaelewa. Tulikubaliana mmoja abebe lawama, mwingine abaki wa kumpeleka baba kwa daktari. Na Jonti yuko mbali." Akamrudishia tableti taratibu. "Wewe kazi yako ni kuandika anachosema, sivyo? Na unaiandika vizuri. Hata ofisi yenu nimewaambia: huyu mama hana neno, haingilii mambo ya familia. Sifa kama hizo zinasaidia, mtu akihitaji kuhamishiwa nyumba nyingine."

Akatabasamu meno yote. Léocadie alishukuru, akaenda kuosha kikombe chake kwenye sinki la kulia.

* * *

Jumatano jioni, nyumbani Fairfield, aliyaeleza hayo yote akikaanga ndizi. Mumewe Lazare, Mrundi aliyekaa miaka kumi na minne kwenye kambi Tanzania na kujifunza huko kwamba mwenye kusema sana ndiye anayeandikwa jina, alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama Bénie," alisema, "ugomvi wa Wayahudi umeanza zamani. Hawawezi kukusubiri wewe uumalize."

"Si wa Wayahudi. Ni wa watu watatu."

"Watatu na wewe wa nne. Huyo mtoto mkubwa ndiye anayesaini masaa yako?"

"Ndiye."

"Basi geuza ndizi, zinaungua."

Binti yao Bénie, miaka kumi na mitano, akaingia na karatasi ya shule na kalamu iliyokwishafunguliwa kifuniko. "Mum, sign tu hapa. Ni ya excursion."

Léocadie alifuta mkono kwenye kanga, akashika kalamu, akaweka herufi ya kwanza. Akasimama.

"Ya kwenda wapi?"

"Ni kawaida tu, Mum. Everyone's going."

"Sikuuliza nani. Nimeuliza wapi."

Ilikuwa kurasa tatu. Alizisoma zote, amesimama, ndizi zikiungua, Lazare akizigeuza kwa uma na kulalamika kwa Kirundi. Ukurasa wa tatu ulisema siku mbili za kupanda miamba kwa kamba huko milimani, na mzazi anakubali kwamba shule haitawajibika kwa hili, lile na lile.

"Ulijua hii iko hapa?"

"Ningekuambia ungekataa," Bénie alisema.

"Ungeniambia ningekasirika. Baadaye ningekubali. Sasa nimekasirika na sijakubali. Umepata nini?"

Bénie alifikiri. Alikuwa mtoto mwenye akili. "Nothing," alisema.

Léocadie alilala mapema, akiwa na mawazo ambayo hayakumpendeza.

* * *

Alhamisi saa nne simu ililia. "Merle hapa," ilisema simu. "Maneno mia mbili na hamsini, mwambie. Siyo mia tatu. Juzijuzi kaniletea Sodoma ndefu kuliko Sodoma yenyewe."

"Saa sita utapata," Léocadie alisema, akakata.

Alimkuta mzee barazani, kwenye kiti cha Léocadie mwenyewe, uso ameuelekeza juani.

"Nisomee tena nilichosema."

"Kwanza nikusomee cha kwetu," Léocadie alisema, akatoa Biblia yake ya Kiswahili mkobani. Huo ulikuwa mtindo wao. Mzee hakuelewa neno, lakini alipenda kusikia majina aliyoyajua yakipita katikati ya maneno asiyoyajua, kama ndugu katika umati, kisha Léocadie anamfasiria. Leo alisoma habari yote: mwindaji anatumwa porini, mama anasikiliza mlangoni, mbuzi wawili wanachinjwa, ngozi zinafungwa mikononi mwa kijana asiye na nywele.

"Papa, nina swali la jikoni."

"Torati ina nafasi ya maswali ya jikoni."

"Nani alipika?"

"Vipi?"

"Hiyo nyama. Watu wote wanamsema Yakobo, na wewe unamsema Yakobo. Yakobo amebeba sahani. Mtoto anaambiwa peleka, anapeleka. Kwetu, mtoto akikamatwa na chungu mkononi, kabla ya kumchapa tunauliza nani alipika."

Mzee akageuza uso kutoka juani. "Rebeka alipika. Kila mtu anajua. Maandiko yanasema."

"Basi katika hadithi yako ya Agosti, Rebeka ni nani?"

Ndege wa jirani, wale weupe wenye kilemba cha njano, walipiga kelele zao mbaya juu ya mti. Léocadie alifikiria treni, kodi ya nyumba, na mwanawe mdogo Précieux ambaye miguu yake ilimaliza viatu kila baada ya miezi mitatu. Kisha akasema haraka, kama anayebandua plasta.

"Mimi nilikuwa jikoni, Papa. Kidole chako nilikiweka mimi. Na jina la ile nyumba nililiona kabla hujasaini. Ukitaka kuandika mdanganyifu, tupo wengi, mia mbili na hamsini hayatatosha."

Léocadie akaanza kuhesabu vitu vyake vilivyomo ndani ya nyumba: ndala, mwavuli, kopo la sukari.

"Umewahi kula mbuzi?" mzee akauliza.

"Papa, nina mbuzi kwenye mkoba sasa hivi."

"Na swala, au paa, nyama ya porini?"

"Utotoni. Mjomba alikuwa na mbwa."

"Vinafanana?"

"Hata kidogo. Ya porini ina harufu ya majani na hasira. Hata uitie viungo vya dunia nzima."

"Mimi pia nimejiuliza miaka sabini," mzee alisema. "Mtu amekula nyama ya kuwinda maisha yake yote. Anapewa mbuzi. Sauti ya huyu, mikono ya yule. Na hajui?"

"Alijua," Léocadie alisema. "Mtu mzima akila mbuzi anajua."

"Alijua." Mzee alipapasa meza mpaka akapata fimbo yake, akaishika bila kusimama. "Karatasi za mashine ya masikio ni ukurasa mmoja, Leokadia. Nilizipata za kwanza mwaka juzi. Zile za Agosti zilikuwa sita. Nilizihesabu kwa gumba."

Mzee, ambaye siku zote alimwita Leokadia, akainua gumba lake na kuendelea.

"Na Jonti hajawahi kupanga kitu maishani mwake. Mtoto yule akiandaa pikiniki anasahau mkate. Nilijua nani kapika kabla wino haujakauka."

"Mbona hukuuliza?"

"Ningeuliza, wangejibu." Alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Na mbona namlaumu Jonti? Kwa sababu Jonti alikuwa anakuja mara moja kwa mwezi na whisky. Rael ananipeleka kwa daktari. Mtu hagombani na fimbo yake."

"Ndiyo maana nami nilinyamaza," Léocadie alisema. "Anasaini masaa yangu."

"Haya. Kipofu na mwenye macho, tumemwogopa daktari wa meno."

Wakacheka, kwanza mzee, halafu Léocadie, mpaka ndege wakahama mti.

Saa sita kasoro dakika kumi mzee alisema, "Futa yote. Andika." Safari hii Léocadie aliandika bila kusimama:

*Kila mwaka tunamsema Yakobo. Lakini Yakobo alibeba sahani tu. Yupo aliyepika, yupo aliyenyamaza jikoni, na yupo mzee aliyeijua ladha ya mbuzi akala hivyo hivyo, kwa sababu kuuliza kulimtisha kuliko kudanganywa. Wiki hii, kabla ya kumnyooshea kidole aliyebeba sahani, uliza nani alipika. Na kama mlaji ni wewe, jiulize kwa nini hukuuliza. Z. Perlow.*

Merle alipiga simu mara moja. "Mbona fupi? Nitajaza nini hapo chini?"

"Tangazo la fundi wa bomba," Léocadie alisema.

* * *

Ijumaa alitakiwa kuondoka saa kumi. Mzee akamwomba akae; alikuwa amemwita Jonti pia. Saa kumi na mbili na nusu Jonti alifika, amenyoa ndevu vibaya, ameshika maua ya kituo cha petroli na whisky. Rael alikuwa tayari sebuleni. Alikuwa amesoma jarida. Inaonekana na wagonjwa wake watatu walikuwa wamelisoma pia, na mmoja alimuuliza habari za upishi akiwa na mdomo wazi kwenye kiti.

"Nani huyo?" mzee akaita.

"Mimi, Baba," alisema Jonti, na ile sauti ya mtangazaji ilikuwa imepotelea mahali fulani njiani.

"Sauti siiamini. Lete kichwa."

Jonti aliinama. Mzee akapitisha vidole kwenye nywele zake, nyingi, zenye kuhitaji kinyozi. "Ndiye. Mwenye manyoya. Rael, lete na chako." Rael aliinama upande wa pili. "Laini kama yai. Jumatatu nililigombeza yai, Leokadia akalitetea. Wewe nani anakutetea?"

"Baba, nilitaka..." Rael akaanza. Ngozi ya kichwa chake ilikuwa imeiva. "Ulianguka bafuni mara mbili. Niliogopa."

"Ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Ningepiga kelele wiki mbili. Halafu ningetaka kwenda kuinusa hiyo nyumba. Supu yao ikoje, nani yuko huko. Labda ningekataa, labda ningekubali. Sasa sijui, na wewe hujui. Jumanne tutakwenda wote watatu, na Leokadia. Yeye atasoma maandishi madogo."

Rael alimtazama Léocadie. Ulikuwa mtazamo mrefu, wala haukuwa na meno. "Jumanne," alisema mwishowe, kwa sauti ya kawaida kabisa.

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya miti. Mishumaa ilikuwa mezani, na ikishawashwa Sabato imeingia, hakuna kalamu tena mpaka kesho usiku, hivyo Léocadie akatoa haraka karatasi yake ya wiki, ile inayoonyesha siku, masaa na huduma. Kwa desturi akamnyooshea Rael.

"Nini hiyo?" mzee akauliza. Kwa mashine ile ya zamani, ukweli ni kwamba, masikio yake hayakuwa na ubaya wowote.

"Karatasi yangu ya wiki, Papa."

"Ya kumhudumia nani?"

"Wewe."

"Basi nitasaini mimi."

Rael akarudisha kalamu mfukoni. Léocadie aliiweka karatasi mezani, akachukua kidole cha mzee kukiweka kwenye mstari. Kidole kikagoma.

"Kurasa ngapi?"

"Mbili."

"Inasema nini?"

"Ni ile ya kila wiki, Papa. Zimebaki dakika kumi na mbili za mishumaa. Na basi langu..."

"Soma."

Akasoma. Jumatatu, saa mbili mpaka saa kumi: kuoga, dawa, kifungua kinywa kiliwa baada ya mabishano. Jumanne. Jumatano, matembezi mpaka sanduku la posta. Jonti alikaa kwenye ukingo wa kiti na maua yake. Rael aliangalia saa, akaona anaangaliwa na mdogo wake, akaacha. Alhamisi: mteja amekaa barazani, ameongea, amecheka.

"Umeandika nimecheka?"

"Ulicheka."

"Acha hapo hapo. Ukurasa wa pili."

Ukurasa wa pili ulikuwa na maandishi madogo ambayo Léocadie, ukweli usemwe, hakuwahi kuyasoma kwa miaka mitatu. Aliyasoma sasa kwa mara ya kwanza, kwa sauti, mstari kwa mstari: mhudumu asiingilie mambo ya familia ya mteja, malalamiko yatumwe kwa maandishi, simu ya ofisi, namba kumi, zote.

"Ndio mwisho?"

"Ndio mwisho."

"Sasa weka mkono wangu."

Akauweka. Mzee akaandika jina lake polepole, likipanda kama kawaida, likavuka pembe ya karatasi, na nusu ya Perlow ikaishia kwenye meza. Léocadie akachukua kitambaa kuifuta.

"Iache," mzee alisema. "Washeni mishumaa. Na ninyi wawili, vichwa."